Mtoto Ndani ya Stoo

Haya yalimpata rafiki yangu Gedion wa Tawa. Baada ya kumzika binti yake mdogo, Mbithe, alijifunza kuongea na watu wa mbali kwa redio, akapata leseni. Jumamosi moja alinunua waya wa antena mjini Sultan Hamud, akaufunga juu ya stoo yake, akajifungia ndani gizani ili kelele za upepo zisiingie. Akabonyeza kitufe cha kuongea, akaita.

Mzee mmoja wa mji wa Kabati akajibu kwa ukali, "Wewe mgeni, kwanza nyamazisha huyo mtoto."

"Mzee, niko peke yangu."

"Usinidanganye. Kila ukiongea namsikia nyuma yako."

Gedion akaachilia kitufe, akasikiliza. Stoo ilikuwa kimya. Akabonyeza tena. "Anasema nini?"

"Anagonga mbao, anaita baba. Kwani huwezi kumfungulia?"