Ua Lililoacha Kulegea

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo, na mwingine angeiita baraka. Ua la Hamida liliacha kulegea.

Aliyewahi kulifuga ua lile, lenye majani mapana na ua jeupe lililojikunja mfano wa kiganja, anajua halina aibu. Likishikwa na kiu linalaza majani yote chini, utadhani limefiwa. Ukilipa maji, hujamaliza kusonga ugali limeshasimama. Wauza miche wa Masasi wanaliita ua la amani. Hamida alilinunua huko, akaliweka sebuleni kwake Newala ndani ya ndoo ya rangi, kando ya dirisha lenye pazia ili jua lisilichome. Kila Ijumaa aliyafuta majani yake kwa kitambaa kibichi, na mgeni akiligusa, Hamida alikohoa.

Sasa tuzungumze maji, maana mtu wa bondeni hataelewa. Huku juu, kiangazi kikikolea, maji hayamwagwi. Yaliyoosha mchele yanakwenda kwenye ua, yaliyofua yanadeki, yaliyodeki yanatuliza vumbi mlangoni. Jaribu kumwaga kata moja ya maji safi mbele ya mwanamke wa Newala uone atakavyokutazama. Bi Mwanaidi, mama mkwe wa Hamida, hakumpenda kabisa yule mgeni wa kwenye ndoo.

"Mwanangu, unanywesha kitu kisichozaa," alikuwa akisema. "Hata mbaazi ungekula."

Hamida alicheka, akaendelea kulinywesha. Kiangazi hicho hicho Bi Mwanaidi akafariki, akaoshwa uani, akazikwa, na wageni wakatawanyika. Yuster, rafiki yake Hamida, mwalimu wa Nanganga, alikuja kutoa pole na tumbo lake kubwa la miezi ya mwisho. Alilisifu ua mpaka Hamida akaona haya kumnyima. Akalichomoa, akagawa shina moja na mizizi yake, akamfungia kwenye gazeti bichi.

Baada ya msiba ule ndipo Hamida alipogundua kwamba ua halilegei tena. Mwanzoni alijisifia mkono wake. Kisha akachomeka kidole kwenye udongo akakuta mkavu, majivu matupu, na majani yanang'aa. Hakukumbuka mara ya mwisho alipolinywesha maji. Ee bwana, nawaulizeni ninyi mnaolima: mmea usiokunywa unanenepa kwa nini? Lakini mtu akipewa bure haulizi.

Likatoa ua jipya, refu kuliko yote yaliyotangulia, jeupe la kuumiza macho. Na lilinuka. Mumewe Fakihi, dereva wa fuso aliyekuwa akibeba korosho msimu ule, aliingia akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mama Somoe, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona pananukia karafuu maiti?"

"Labda nguo za marehemu, Baba Somoe."

Alijibu hivyo huku akijua nguo za marehemu zilikwisha gawiwa zote. Alfajiri Fakihi akaondoka na mzigo wa Mtwara. Wanaume katika mambo haya huwa na safari, na huyu naye alikuwa nayo.

Ndipo mtoto akaanza. Somoe alikuwa mtoto wao wa pekee, hajaanza hata shule, msemaji kuliko redio. Aliomba maji akapewa, akaomba tena, akapewa. Alikunywa mpaka tumbo likacheza, na midomo yake ikazidi kupasuka. Ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Hakwenda haja ndogo tangu asubuhi mpaka asubuhi. Zahanati walimpima damu wakasema hana malaria, hana sukari, wakampa pakiti za unga wa chumvichumvi wa kukoroga kwenye maji. Hamida alikoroga, mtoto akamaliza chupa nzima, akalamba midomo mikavu na kusema, "Mama, bado."

Magharibi moja Hamida alikuwa jikoni anapepeta mchele akasikia mtu anakunywa maji sebuleni. Gu. Gu. Gu. Alikunywa taratibu, akishusha pumzi katikati, kwa raha ya mzee aliyetoka shamba. Hamida alitaka kumkemea Somoe aache kuchezea mtungi. Akageuka. Somoe alikuwa nyuma yake, kashika pindo la kanga yake.

"Mama," mtoto alinong'ona, "nani yule anakunywa?"

"Nyamaza."

"Anakunywa yangu."

Hamida alimbeba, wakasimama pale jikoni wakisikiliza mpaka ikaisha. Aliogopa. Hakuthubutu kwenda kuangalia mpaka adhana ilipokwisha, na alipokwenda hakuona mtu, ila kila ncha ya jani ilining'iniza tone moja la maji.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali na majirani wakiongea nje, alimlaza mtoto mkekani chumbani, akatoka kuanika nguo mbili tatu. Aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu, na kutoka sebuleni ile gu, gu, gu ilikuwa imeanza tena, safari hii bila kupumua katikati, akaenda huku mkono umeshika ukuta, akamkuta Somoe amelala sakafuni chini ya ndoo, uso juu, mdomo wazi, na jani moja pana limeinama peke yake, bila upepo, bila mkono wa mtu, limeufunika ule mdomo barabara, na kwenye bua la jani lile kulikuwa na kitu kinachopanda, kidogo kidogo, kinafura na kunywea, kinafura na kunywea, kama koo la ng'ombe anayekunywa.

Alichukua kisu. Alilikata lile jani kwa mkupuo mmoja, na Somoe akapiga ukelele wa mtu aliyekatwa kidole. Kwenye kidonda cha bua yakatoka maji, safi, yenye uvuguvugu. Hamida alitupa kisu. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja kwa Bi Swaumu.

Bi Swaumu ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaa ule, na ndiye aliyemwosha Bi Mwanaidi. Alikuja bila maswali, lakini kizingitini alisimama, akavuta pumzi. Harufu ile aliijua.

"Hamida. Siku ya josho la mama mkwe wako niliuliza kama maji yamekwisha. Ulinijibu nini?"

"Nilisema yamekwisha, bibi."

"Yalikuwa yamekwisha?"

Hamida alitazama chini. "Yalibaki nusu ndoo. Yale ya mwisho, yenye karafuu maiti. Yalikuwa safi, bibi, hayakumgusa. Bomba lilikuwa halijatoka wiki nzima. Niliona kuyamwaga shimoni ni israfu."

"Ukayapeleka wapi?"

Hamida alionyesha kwa kidevu.

Yule mzee alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Aliongea chini chini, jicho halitoki kwenye ndoo. "Maji ya josho hayana safi wala chafu. Yakishatengwa yana mwenyewe. Ndiyo maana tunachimba ufuo, yanaingia yote, tunafukia. Kuna jini anayefuatana na msiba. Anakunywa pale shimoni, anashiba, anakwenda zake. Wewe ulimwondolea bakuli mdomoni. Akalifuata mpaka humu."

"Kwa hiyo siyo mama?"

"Mama mkwe wako kapumzika. Usimsingizie."

"Nikilikata, mtoto analia."

"Usilikate. Wameshaunganishwa. Tutamlipa jini maji yake. Tutafukua ufuo, tutaliosha hili kama tulivyomwosha yule mama, na maji yote ya nyumba hii yataingia shimoni. Yote. Mpaka tufukie, hakuna koo litakalopata tone. Hata la mtoto."

"Bibi, mtoto hatafika."

"Ukimpa tone utakuwa umemkatia yule jini tena. Chagua."

Ningependa kusema Hamida alichagua mara moja. Alilia kwanza. Kisha akachukua jembe.

Walizungusha kanga uani, wakafukua pale pale. Walipochomoa ua kwenye ndoo, udongo haukuwepo. Ilikuwa mizizi mitupu, myeupe, imejisokota ikajaa ndoo nzima, na ilipowekwa juu ya shimo ilikuwa ikipanda na kushuka. Bi Swaumu alinuia kimya, akaanza kuosha, kulia kwanza kisha kushoto. Hamida alikuwa akimpa maji kwa kata, Somoe mgongoni mwake, mwepesi kama pakacha tupu. Madumu yakaisha, ndoo ya bafuni ikaisha. Shimo halikufanya hata tope.

Sauti ikaita kutoka sebuleni.

"Mama. Nina kiu."

Ilikuwa ya Somoe. Hamida aligeuza shingo, na shavu la Somoe lilikuwa pale pale begani kwake, macho yamefumba.

"Usiitikie," alinong'ona Bi Swaumu. "Lete maji."

"Mama, mbona unamwaga? Mama, nakufa."

Hamida alichota kwenye mtungi waliokuwa wameutoa uani, na wakati kata iko njiani, yule wa mgongoni naye akaamka, akanyoosha kimkono kikavu kuelekea kwenye kata, akasema kwa sauti ndogo isiyokuwa na mate, "Kidogo tu, mama," na Hamida akasimama na ile kata, akiyaona maji yanavyotikisika, akijua kwamba huyu ni wake, huyu aliyemzaa, na kwamba kidole kimoja tu kilicholowa, kidole kimoja kwenye ule mdomo, nani angekijua, na yule wa ndani akiita, na yule wa mgongoni akiita, sauti moja kutoka pande mbili, mpaka akafumba macho akamwaga.

Mtungi ukapinduliwa. Sebuleni pakawa kimya, lakini mizizi ilikuwa bado inapanda na kushuka.

Bi Swaumu alimtazama. "Maji yamekwisha?"

Ulimi wa Hamida ulikuwa tayari kusema ndiyo. Mkono wake ukaenda kiunoni. Huko, ndani ya fundo la kanga, alikuwa ameficha chupa ndogo ya yale maji ya zahanati, ya kumpa mtoto wakimaliza tu. Mazoea yana taabu. Alifungua fundo, machozi yakimtoka, akamkabidhi.

"Bado haya," alisema.

Bi Swaumu alimimina mpaka tone la mwisho. Ile mizizi ikatulia. Majani yote yakalegea kwa pamoja, yakalala chini, kama zamani yalipokuwa yakiomba maji, na wakayasukuma shimoni wakafukia, Hamida akikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe. Walikuwa bado wamesimama pale alipohisi joto likimshuka mgongoni, likailowesha kanga, likamfika mapajani. Somoe alikuwa amemkojolea. Hakuna mama aliyewahi kufurahia kukojolewa vile. Alikaa chini kwenye vumbi akacheka na kulia, na jirani wa pili akapitisha jagi la maji juu ya kanga, na mtoto alipokunywa, midomo yake ililowa.

Fakihi aliporudi hakunusa kitu. Alipewa habari nusu, akaridhika, maana Somoe alikuwa akisema kuliko redio.

Lakini Bi Swaumu aliuliza habari za maji tu. Habari za miche hakuuliza, na Hamida, kwa furaha yake, hakukumbuka. Alikumbuka Yuster alipompigia simu.

"Shoga, nimejifungua. Wa kike. Ulinisahau na msiba wako."

"Hongera, jamani. Mzima?"

"Mzima, ila ananyonya hashibi. Kutwa nzima yuko kifuani na bado anakonda. Mama anasema maziwa yangu mepesi." Yuster alicheka kwa uchovu. "Afadhali hata ua lako. Tangu nijifungue sijalimwagilia na halijalegea. Limetoa ua jeupe hilo, ungeliona. Nimeliweka karibu na kitanda chake, kuna ubaridi."

Hamida alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu kwa miguu. Alitaka kusema mtoe humo chumbani, akashindwa, maana nyuma ya sauti ya rafiki yake alikuwa akisikia mtu anakunywa, taratibu, anashusha pumzi, anaendelea.

"Yuster. Unamnyonyesha sasa hivi?"

"Hapana," alisema Yuster. "Kalala kitandani kwake."