Tumbo la Nyota na Tasbihi ya Papa

Huko Mangobo, Kisangani, Hadidja alipika sombe, majani ya muhogo, kila jioni, hata mwaka ule wa uasi, chumvi ilipokuwa adimu kama amani. Mumewe, Zuberi, alikuwa amekwenda Ubundu kununua samaki. Vita vikasimamisha treni. Wiki tatu zikapita bila habari.

Kila magharibi Hadidja alimwombea mumewe dua. Na kila magharibi binti yao Nyota, wa miaka minne, alishika tumbo.

"Mama, linauma."

Sahani yake ilibaki vilevile. Mtoto akakonda. Hadidja akaogopa: mume hajulikani aliko, sasa na mtoto? Akatwanga pilipili, akaichanganya na maji, akatafuta mpira wa kumsafishia tumbo kwa nyuma, kama mama yake alivyomfanyia yeye zamani.

"Hodi! Mama Nyota, pilipili hiyo ya samaki gani?" Alikuwa Philomène, jirani yake, muuguzi wa dispansari.

"Samaki iko wapi, dada? Ni ya mutoto. Iko na minyoo."

"Weka chini kwanza. Itamuunguza utumbo."

Philomène akamgusa Nyota kwenye paji la uso. Hakuna homa.

"Anahara? Anatapika?"

"Hapana."

"Linauma saa gani?"

"Tukianza kumuombea papa yake."

Kusikia "papa", jina alilomwitia baba yake, Nyota akainamisha kichwa. Mabega yakashuka. Philomène akashika vidole vyake: baridi, vimelowa jasho. Masikio yalikuwa moto.

"Bon. Mutoto mudogo hana maneno ya kusema, 'Nimekosa.' Mwili unatangulia mdomo. Ukimupiga, ataficha zaidi. Muulize polepole."

Hadidja akaketi sakafuni. "Nyota wangu, leo sikupigi. Kuna nini?"

Nyota akaenda nyuma ya gunia la makaa, akarudi na kitambaa. Ndani mlikuwa na shanga za tasbihi ambayo Zuberi aliiacha nyumbani. Uzi umekatika.

"Nilicheza nayo, ikakatika. Mama ulisema inamulinda papa njiani hata ikibaki hapa." Machozi yakamtoka. "Sasa papa harudi."

Hadidja akakumbuka. Kweli, aliyasema maneno hayo.

"Hapana, mwanangu. Treni imesimamishwa na vita, si na wewe. Wewe ulikata uzi tu. Uzi tutautengeneza."

Wakatunga shanga pamoja. Moja haikuonekana; Nyota akachagua punje ya hindi badala yake. Jioni ile alikula mpaka akaramba sahani.

"Homa ikija, ama tumbo likiendelea, umulete dispansari," Philomène alisema. "Alors, sombe yangu mimi iko wapi?"

Mwezi uliofuata Zuberi alifika kwa miguu, amefuata reli, miguu imevimba. Kabla hajaketi, Nyota alimletea tasbihi. Masikio yake yalikuwa moto tena, lakini mabega hayakushuka.

"Papa, ni mimi niliikata."

Zuberi akavuta shanga moja moja, akafika kwenye punje ya hindi. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ubundu.

"Na hii, nani aliitia?"

"Ni mimi pia."