Sauti ya Bwana Mizani

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza asubuhi, na pasi ilikuwa ya baridi. Mama fundi aliigusa, akaigusa tena, akalinusa gauni la mteja, hakuona doa. Chumba cha pili sauti ya mumewe ilikuwa imeshaanza kazi yake: chai nyepesi, mlango unalia, mkate umekatwa ovyo. Akajibu "haya" huku pini zimo mdomoni, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani kabla ya kustaafu, na wenye maduka walimwita Bwana Mizani wakimcheka kisogoni. Tangu arudi nyumbani hakubakiwa na duka la kukagua ila mkewe. Alipima vipande vya mkate kwa rula. Alipanda kiti kutafuta vumbi juu ya kabati, kiti kikavunjika, akalala chali akimlaumu mkewe kwa kukaa nyumba yenye sakafu ngumu. Mke naye alishajipatia dawa, nayo ni kutosikiliza. "Haya" yake ilitoka yenyewe, bila kupitia masikioni.

Asubuhi hiyo zilikuwa zimeshamtoka "haya" nyingi alipoinua kichwa akamwona mumewe kupitia dirishani, anaingia getini akitokea kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu kwa sababu aligombana na kinyozi kazi ikiwa katikati. Na kule chumbani sauti yake bado inalalamika.

Mguu ukamganda juu ya cherehani. Sauti ikanyamaza, kisha ikacheka kidogo. Bwana Mizani hakuwahi kucheka ndani ya nyumba ile.

Mume akaingia, akafungua mdomo kuuliza chakula, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, akamnyooshea mkewe kidole kana kwamba hata hilo ni kosa lake, na nyuma ya ukuta sauti yake mwenyewe ikayasema maneno yote aliyotaka kuyasema, moja baada ya jingine, kwa hasira ileile, huku harufu ya kuungua ikizidi mpaka macho ya mama fundi yakaanza kutoa machozi.

Mganga aliyeitwa na mama fundi alikuja mchana, akasimama mlangoni, akakataa kukaa.

"Huyo wa chumbani alikuomba nini, mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Ulimjibu nini?"

"Haya."

"Bila kujua umeombwa nini?"

"Mimi huwa simsikilizi, mganga. Ningekuwa namsikiliza ningeshakufa zamani."

Mganga alimtazama kwa lawama. Akamweleza kwamba jini haingii kwa nguvu, anaomba, na huyu aliomba sauti ya mume akapewa. Sasa ataomba kukaa kabisa. Mama fundi asikilize kila neno, na akiombwa tu, akatae papo hapo. Akitamka neno jingine lolote, mumewe atabaki bubu mpaka kaburini.

Akakaa kusikiliza. Mume alikaa kwenye kigoda pembeni yake, kichwa nusu upara, ameshika pindo la gauni la mkewe. Mama fundi alimwonea huruma, kweli. Lakini sauti ya ukutani ilianza upya, chai, mlango, mkate, mboga, mama mkwe, mwili wake ulivyonenepa, mikono yake isiyojua kazi, matusi ya miaka yote aliyoyaitikia bila kuyasikia, na sasa aliyasikia yote, na kila moja lilikuwa limetoka kwanza kwenye kinywa cha huyu aliyemshika pindo, hata hakujua tena anamwogopa nani.

Ndipo sauti ikashuka, ikawa laini.

"Mke wangu," ikasema, "umechoka. Umenipikia, umenifulia, umeniuguza, na sijawahi kukushukuru. Ahsante. Ulikuwa mzuri siku ile nilipokuja kwenu, na bado u mzuri. Nikae hapa na wewe?"

Alijua si yeye. Alijua vizuri sana. Mumewe alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamchuruzika, analivuta pindo mpaka nyuzi zikakatika.

"Kataa, mama," mganga akanong'ona. "Sasa hivi."

Mama fundi akasogeza kiti karibu na ukuta.

"Hebu sema tena," akasema.