Kiungo Kilichofichwa Ukutani

Seremala alikuwa akichora alama ukutani kwa penseli huku akiimba. Kesho mama yake anahamia kwao. Tangu alipoanguka, mguu wake haujakaa sawa. Basi seremala alibomoa ukuta wa stoo, akapanua chumba, akapiga lipu na kupaka rangi. Hata soketi aliihamisha mwenyewe, iwe karibu na kitanda. Ilibaki kufunga bomba la chuma ukutani, mama ajishikize anapoinuka.

Alipoinua drili, jirani yao akapiga hodi. Alikuwa fundi umeme, na mtaa mzima ulimwita Dada Cheche.

"Shemeji, nimekuja kuazima ngazi."

"Iko uani. Lakini huondoki bila kuusifia ukuta huu."

"Nausifia. Hivi waya wa soketi umepita wapi?"

"Humo humo."

"Humo wapi? Chumba kizima ni humo."

Seremala akacheka. Akaonyesha kwa kidole, kutoka kona ya dari akishuka kuelekea kwenye soketi. "Nimeupitisha mshazari, njia fupi. Kama ule ubao wa kukingama nyuma ya mlango."

Katikati ya ukuta kidole kikasimama. Kilikuwa juu ya alama ya penseli.

Mkewe aliyekuwa akikunja mashuka akaacha. "Baba watoto, si ndipo ulipotaka kutoboa hapo?"

Drili ikashuka taratibu.

"Na waya ulitosha?" akauliza Dada Cheche.

"Niliunga. Nikasokota, nikazungushia utepe, nikafukia kwenye lipu. Huoni hata kovu." Alisema kwa fahari, ingawa fahari yenyewe ilishaanza kupungua.

"Ndiyo useremala huo," akasema Dada Cheche. "Kwenu kiungo kizuri ni kile kisichoonekana. Kwetu ni kile ninachoweza kukifikia. Waya wa kusokota hulegea. Ukilegea hupata moto, na ukuta haupigi kelele. Halafu skrubu yako ikigusa waya, bomba zima linakuwa na umeme. Mama atakuwa ameshika nini?"

Seremala akalitazama bomba. Aliiona mikono ya mama yake kwenye bomba lile. Yote miwili.

"Rangi yenyewe haijakauka," akasema kwa sauti ndogo.

"Pole, shemeji. Hata mimi inaniuma. Lakini rangi lipo kopo jingine. Mama ni mmoja."

Seremala akafuata nyundo na tindo. Dada Cheche akamzuia. Kwanza alizima swichi kuu. Kisha akaleta kipimo chake, akapima kwenye soketi. "Usiamini swichi peke yake. Pima ndipo uguse."

Wakaufukua waya taratibu. Kiungo kilipotokea, mke akasogea kukitazama. Utepe ulikuwa umekunjamana na kuungua pembeni.

"Tumepigia pasi tu hapa," akasema.

"Pasi hula umeme mwingi," akajibu Dada Cheche.

Akapitisha waya mpya ndani ya bomba la plastiki, pamoja na waya wa ardhi, wa kupeleka ardhini umeme ukivuja. Ulishuka wima mpaka kwenye soketi. "Hivi, mtu akiiona soketi anajua asitoboe juu yake." Maungio akayafunga kwa viunganishi ndani ya kiboksi chenye kifuniko, nje ya lipu. Bomba la mama likahamia ukuta wa pili, usio na waya.

"Siku nyingine ukitaka kugusa waya, nigongee mlango," akasema akibeba ngazi. "Mimi sijawahi kujitengenezea kabati."

Kesho yake mama akafika. Akakaa kitandani, akatazama huku na huku.

"Chumba kizuri, mwanangu. Ila kile kiboksi mbona kimebaki nje?"

"Ni maungio ya waya, mama. Yameachwa hivyo makusudi."

"Wewe? Unayeficha hata vichwa vya misumari?"

Mke akageukia dirishani kucheka. Mama akanyoosha mikono, akalishika bomba, akainuka. Seremala alikuwa amebana pumzi. Mama akasimama wima, akamtazama.

"Sasa hapo umesimama unangoja nini? Nionyeshe jikoni."