Matundu ya Mnara

Siku walipokutana, stesheni ya treni ya Eglinton, huko ughaibuni, ilifurika watu, na Aqeel alikuwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kanga.

"Umebeba maiti ya nani?" Noorbanu alimtania kwa Kiswahili, maana kanga aliijua.

"Nyambizi ya kuchezea," akajibu kwa haya. "Marehemu baba aliichonga. Naitafutia tangi la kunywa maji ili iweze kuzama."

Basi mapenzi yakaanzia kwenye beseni. Noorbanu alifanya kazi duka la dawa, kupima mililita hakumshindi. Waliipindua nyambizi, wakazamisha ile sehemu inayobaki juu ikielea, wakapima maji yaliyomwagika: mililita mia nne na kumi. Tangi likatengenezwa la kunywa kiasi hicho hicho.

"Likinywa zaidi?"

"Inakwenda chini moja kwa moja, mpenzi. Na chini sana rimoti haisikiki."

"Basi ifanye iteme maji yenyewe ikikosa kukusikia."

"Umeanza woga wako!" Aqeel alicheka.

Agosti ya mwaka huo, 1996, mtu akamnong'oneza Aqeel kwamba Noorbanu amekubali kuolewa na daktari wa meno wa Pickering. Uongo mtupu! Huyo bwana aliletwa nyumbani kwa kina Noorbanu, akanywa chai nusu kikombe, akaenda zake. Lakini Aqeel hakupokea simu wiki tatu.

Jumamosi moja, Noorbanu akiwa kazini anafunga chupa kwa selotepu, aliiacha ghafla. Siku ya beseni aliziba matundu ya mnara wa nyambizi, kile kijumba cha juu, kwa selotepu kama hiyo. Bwawani, ambako nyambizi ingejaribiwa, matundu yangekuwa wazi, na mnara ungejaa maji wenyewe. Ile hewa ya ndani waliihesabu bure. Tangi lilikuwa kubwa mno, na leo saa nane mchana, kama walivyopanga zamani, Aqeel alikuwa anaizamisha!

Akakimbilia simu, na safari hii Aqeel akapokea.

"Aqeel, usikate, tangi..."

"Hongera, Noor." Simu ikakatwa.

Alipanda mabasi mawili na koti lake jeupe la kazini. Urithi pekee wa Aqeel ungezama kwa hesabu yake yeye.

Alipofika bwawani, mnara ndio kwanza unapotea.

"Tangi ni kubwa! Ipandishe!"

Aqeel alibonyeza rimoti. Akabonyeza tena. Maji yalitulia tuli.

"Nimekuulia baba mara ya pili," Noorbanu akasema, akaangua kilio.

Aqeel aliendelea kutazama maji. Kisha mapovu yakatoka, mawili, matatu, na mnara ukachomoza umevikwa majani ya bwawani.

"Uliifanya iteme yenyewe?"

"Siku ile ile niliyosikia habari za daktari. Nilikasirika, Noor, lakini neno lako nililifuata."

"Simtaki daktari! Ungepokea simu ungejua."

"Nisamehe, mpenzi. Niliogopa kukusikia ukisema umemkubali."

"Na siku nyingine tusiposikilizana?"

"Nitakuja mwenyewe. Kesho naanza, nakuja kwa baba yako kukuposa."

"Njoo mapema," Noorbanu akasema, akimshika mkono. "Na chai umalize."