Hela za Mjerumani

Jumamosi, saa 10:40 jioni. Biharamulo.

Privatus alichora ramani mezani kwa kidole kilicholowa pombe. Chumba cha nyuma cha kilabu kilinuka rubisi na soksi.

"Kesho saa tatu mzee yuko misani. Anatoka saa tano. Tunaingia, tunabeba kopo la hela, tunasepa. Mnunuzi anakuja na gari lake."

"Majirani wakimpigia?" aliuliza Ferdinand, mwenye pikipiki.

"Simu anaiacha nyumbani," Nduwayo alijibu. "Anasema Mungu hapigiwi simu." Akaongeza: "Ila mzee asiguswe."

"Nani atamgusa mtu asiyekuwepo?" alisema Privatus.

Wawili wakacheka. Nduwayo hakucheka. Ulimi ulikwishamponza. Yeye ndiye aliyelewa pombe akajisifu kwamba baba yake wa ubatizo, mwalimu mstaafu Ansbert wa Nyakisasa, amekusanya kwa miaka arobaini hela za Mjerumani: zile zilizogongwa Tabora mwaka 1916 kwa mabaki ya shaba, vita ilipokausha sarafu. Tangu hapo wangekwenda naye au bila yeye. Bila yeye wangekwenda usiku, mzee akiwa kitandani. Basi akaenda kumlinda, kwa kadiri mwizi anavyoweza kulinda.

Jumapili, saa 3:25 asubuhi. Nyakisasa.

Teke moja, mlango chini. Nduwayo alivuta kopo uvunguni. Ferdinand alikomba vya mezani vyote bila kutazama, akatumbukiza kwenye mfuko wa salfeti. Redio, miwani, makorokoro.

"Twende!"

Saa 4:05. Kibanda cha shambani, ndani ya migomba.

Hela zilikuwa nyeusi, nyingine zimeota kijani.

"Uchafu huu nani atanunua?" Privatus alifoka.

Nduwayo aliijua dawa: jivu na limao, kama mama yake alivyosugua sufuria za harusi. Alisugua moja moja hadi zikang'aa. Roho ikamtulia kidogo. Mnunuzi alipe, watu watawanyike, mzee abaki mzima.

Saa 4:50.

Mnunuzi aligeuza hela moja, kisha ya pili. Uso ukamshuka.

"Nani kazisugua?"

Nduwayo alificha mikono nyuma.

"Ule weusi wa miaka mia ndio wanaoulipia wakusanyaji. Mmeung'oa. Hii sasa ni shaba ya kuyeyusha tu." Akarudi garini, akaondoka.

Privatus akachomoa panga. Nduwayo akafumba macho. Lakini panga halikumlenga yeye.

"Mzee hakosi kopo jingine. Ferdinand, washa."

"Hakuna jingine! Privatus, naapa kwa ubatizo wangu!"

"Ataniambia mwenyewe."

Teke la tumbo likamlaza chini. Pikipiki ikapotelea migombani.

Saa 5:02.

Misa imekwisha; mzee akifika nyumbani ataishika simu yake. Kwa miguu hatawawahi kamwe wale wa pikipiki. Nduwayo alitoa simu kwa vidole vyenye jivu, akatafuta jina, akapiga. Maneno aliyaweka tayari mdomoni: Baba, usikae nyumbani. Rudi kanisani kwenye watu.

Ikaita.

Ikaita pale pale miguuni pake, ndani ya mfuko wa salfeti, chini ya redio.