Mke wa Nne wa Sir Bertram

Mwezi wa Disemba, jioni ya London huanza watu hawajamaliza kuosha sahani za mchana. Saa kumi ilikuta taa za barabarani zimeshawaka, na Nusra yuko njiani kwenda kumpima mtu unyevu.

Mtu mwenyewe alikuwa wa jiwe. Sir Bertram wa Holmarsh, askari wa farasi na baroni, bwana wa ardhi nyingi, amelala chali juu ya kaburi lake karne saba sasa, katika kanisa dogo lililobanwa baina ya majengo mawili ya vioo. Kanisa halisaliwi tena. Liko chini ya halmashauri, Kitengo cha Urithi na Maegesho ya Magari. Kwa nini urithi na maegesho viwe kitu kimoja, Nusra hakuwahi kuelezwa. Vilibaki vitengo viwili na meneja mmoja, vikafungishwa ndoa.

Mlangoni alimkuta Ian, mwenzake wa kazini, mtu wa vitabu, anajizungushia skafu tayari kuondoka.

"Mzee wako hajambo leo," Ian alisema. "Unajua lakini alivyoupata ubaroni?"

Nusra alijua hatopishwa mlangoni mpaka aulize. "Kwa vita?"

"Vitani alikwenda, Gascony kule Ufaransa, na Uskochi. Akapigana upande wa mfalme, akahama, akarudi, na kila akihama akaongezewa ardhi. Lakini utajiri hasa aliupata kwa kuoa. Wake watatu, na wote aliwakuta na waume zao."

"Halafu?"

"Halafu wakawa wajane." Ian alicheka peke yake. "Wa kwanza, mumewe alianguka ngazini. Wa pili, mumewe alizama kwenye maji yasiyomfika kiunoni. Wa tatu, mumewe alilala mzima, hakuamka. Na usidhani kulikuwa na harusi za maana. Zama zile mwanamke akimwambia mwanamume, wewe ndiye mume wangu, naye akaitikia, basi. Bila padri, bila shahidi, bila cheti."

Nusra akamkumbuka Mahir, mumewe, aliyesota Unguja akingoja viza, kabla hajamfuata London, huku maofisa wakidai picha zaidi za harusi ili waridhike kwamba wawili hawa wanapendana.

"Alibahatika," akasema, na Ian akenda zake.

Ndani kulikuwa baridi kuliko nje. Ilimbidi ainame juu ya uso wa jiwe ili kipimo kifike shingoni. Pua ilikuwa imevunjika, midomo imebenuka kwa kununa, na kwa kununa kule alifanana sana na marehemu Mzee Khalfan wa Wete, babu yake Nusra mzaa mama. Kwao Pemba babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike humwita babu mume, babu humwita mke, bibi hujifanya ana wivu, na nyumba nzima hucheka. Nusra alilelewa katika mzaha huo. Ulimi ukamtoka wenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Babu we, mume wangu! Saa hizi umelala, mkeo nile nini?"

Basi lilipita barabarani. Vioo vya kanisa vikatetemeka, vikatulia.

"Nipo... mke wangu."

Haikuwa sauti ya Mzee Khalfan. Ilikuwa kavu, imetoka chini, kama jiwe linaloburuzwa juu ya jiwe. Lakini maneno yalikuwa yale yale aliyokuwa akiitikiwa utotoni, na lafudhi ni ya Wete haswa. Ikamjia harufu ya chuma kilicholowa, ya nta, ya mbwa aliyenyeshewa.

Nusra hakukimbia. Watumishi wa halmashauri hawakimbii ndani ya jengo la kale, kuna kibandiko kinakataza. Alitembea kwa haraka sana. Na kwenye simu yake, chini ya hali ya kaburi, akajaza: unyevu wa kawaida.

Siku ya pili Mahir alirudi kutoka kazini kwake, uwanja wa mpira wa Wembley, anachechemea, shavu limechubuka.

"Umefanywa nini?"

"Nimeanguka ngazi za stesheni." Akakaa, akasita. "Sikuanguka, Nusra. Nimesukumwa. Nimegeuka, hapana mtu. Lakini mkono niliusikia mgongoni... mzito, baridi, kama wa chuma."

Nusra alimkanda kwa maji ya moto. Wembley watu ni wengi, alijiambia. Husukumana.

Kesho yake, Magharibi ilipoingia, Mahir alikwenda bafuni kutia udhu. Nusra alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Akasikia bomba linatiririka. Akasikia maji yanamwagika sakafuni. Halafu akasikia kishindo cha miguu inayopiga ukuta.

Na harufu ile.

Chuma. Nta. Mbwa.

Aliusukuma mlango kwa bega. Mahir alikuwa ameinamia beseni la kunawia, uso wote umo majini, mikono inapapasa vigae. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Lakini nyama ya kisogo chake ilikuwa imebonyea pahala patano, imebonyea na inazidi kubonyea...

"Mwache!" Nusra alipiga ukelele. "Mwache, nimesema!"

Mkono ukaachia. Mahir akaporomoka sakafuni, akatapika maji. Kisogoni alama zilibaki, nyekundu, zina vijiduara vidogo vidogo, kama ngozi iliyogandamizwa na wavu wa pete za chuma.

Ngazi. Maji. Nusra hakuhitaji kukumbushwa cha tatu. Usiku huo hakumwacha Mahir alale. Kila akisinzia alimfinya, akamtilia kahawa, akamsomea Kurani. Asubuhi akampigia mama yake mdogo, Bi Zainab, anayekaa Peckham, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lisilo la kawaida.

"Sasa wewe Nusra," alisema hatimaye, "wazungu wote hawa wa London, hukupata wa kumtania ila aliyekufa?"

"Alifanana na babu, mama."

"Babu yako alikuwa mtani wako! Huyu je? Hawa hawana utani, mwanangu, wana sheria. Umempa neno, kalishika. Mwambie akupe talaka."

"Wake watatu, mama, na hakuna aliyemtoka hai. Talaka hajui ni kitu gani."

"Basi mumeo akilala tu, ushakuwa mjane." Bi Zainab akavuta pumzi. "Na mimi usinitaje huko. Jina langu usilitie kinywani mbele yake."

Nusra alikata simu, akakaa juu ya kitanda, akamtazama Mahir anayesimama kwa kuegemea ukuta, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Neno limetoka, halirudi. Lakini neno moja huweza kuzuiwa na jingine. Kwa babu kuna mzaha. Kwa baba, je? Nani aliyewahi kumwita baba yake mume? Baba hataniwi. Baba huamkiwa, hupishwa njia, na bintiye ni haramu kwake katika kila dini anayoijua, ya Sir Bertram ikiwemo.

Alimwacha Mahir na jirani yao Poonam, mwalimu wa shule ya msingi, akamwomba amzungumzishe, asimwache afumbe macho. Poonam aliuliza kama ni maagizo ya daktari. Nusra akasema ndiyo.

Alifika kanisani giza likiingia. Funguo ziligoma, zikakubali. Harufu ilimpokea mlangoni, nzito, kama ya mtu anayengoja mtu wake arudi.

Hakumsogelea. Alijifunga mtandio vizuri, akapiga magoti kwenye mawe ya sakafu, kichwa akakiinamisha.

"Shikamoo, baba."

"Mimi ni mwanao," akaendelea. "Niliyosema yalikuwa ya mtoto asiye adabu. Mke sikuwa, wala siwezi kuwa. Mimi binti yako. Nipokee kama binti yako, baba."

Kitu kilijinyoosha gizani. Mlio mwembamba, mwingi, kama cheni nyingi zinazoteremshwa polepole juu ya meza. Pumzi ya barafu ikampitia utosini. Ikazunguka. Ikarudi. Ilikuwa inampima, kama mtu anavyompima farasi kabla ya kumnunua...

"Marahaba," ikasema sauti. "Mwanangu."

Usiku ule Mahir alilala. Nusra alikaa karibu yake, sikio puani mwake. Alikoroma mpaka asubuhi, na mkoromo ule haukuwahi kuwa mtamu hivyo. Alama za kisogoni zikafifia, zikawa madoa, zikatoweka. Walirudi kugombana juu ya nani atatoa taka. Nusra aliona ameponea kwenye tundu la sindano.

Ijumaa, Ian alimkuta kantini, akakaa bila kukaribishwa, sandwichi mkononi.

"Nimepata zaidi kuhusu mzee wako. Wake zake nilikueleza. Mabinti sikukueleza?"

Kijiko cha Nusra kikasimama njiani. "Mabinti gani?"

"Wawili wa kuzaa, na yatima wawili watatu aliojitwalia ulezi wao. Hao ndio waliompandisha cheo hasa. Alikuwa akiwaozesha kwa maswahiba zake wa vitani, waliompa farasi na watu. Ridhaa yao haikuulizwa." Ian alifuta haradali kidevuni. "Mmoja alikuwa keshaolewa, tena mume wake anampenda. Haikumzuia baba."

"Huyo mume alifanywaje?"

"Hapo ndipo pabaya," Ian alisema kwa furaha ya mtu wa vitabu. "Hatajwi tena."

Nusra alichukua treni ya mwanzo iliyotokea, akarudi nyumbani. Aliwakuta Poonam kaja na kashata, Mahir anamtilia chai, taa zote zinawaka, redio inasema. Akavua koti. Akasema na nafsi yake kwamba jiwe ni jiwe. Poonam akaaga, akaenda kwake. Mahir akapakua wali, wakaanza kula.

Mlango ukagongwa.

Haukugongwa kwa vidole. Kitu kizito, mara moja, chini ya kitasa.

"Poonam kasahau kitu," Mahir akasema, anainuka.

"Kaa!" Nusra alimshika shati. "Mahir, nakuomba. Kaa chini."

Akaenda yeye, nyayo hazigusi vizuri zulia. Hakuchungulia. Harufu ilikuwa imeshapita chini ya mlango, lakini haikuwa ile ya kanisani. Hii ilikuwa ya farasi, ya jasho, ya damu changa.

"Nani?" akauliza.

Sauti ya kijana, ya heshima kabisa, ikajibu kwa lafudhi ya Wete.

"Usinifungulie wewe, bibie. Posa imeshapokewa na baba'ko."

Nyuma yake Nusra akasikia kiti cha Mahir kinasogezwa.

"Nimekuja kumwona huyo mume aliyepo."